Tungule na tango: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu kachumbari

Napika chakula cha mchana cha kuuza hapa mjini Unguja, na hakuna sahani inayotoka jikoni kwangu bila kachumbari pembeni. Wateja nao hawaishi maneno. Mmoja atasema, "Bi, nizidishie tango, nataka kupungua." Mwengine: "Tungule usinitie, nna kiungulia." Wa tatu ametumiwa ujumbe kwenye simu kwamba vitu viwili hivi havichanganywi. Nimechoka kujibu huku nimeshika upawa, kwa hiyo majibu nimeyaandika hapa.

Mambo mawili kwanza. Kwa ndugu zetu wa Bara, tungule ndiyo nyanya. Na hesabu zote zilizomo humu ni za gramu 100 za mboga mbichi, tena ni wastani tu: tungule iliyoivia shambani Pemba si sawa na ile iliyochumwa kijani ikaivia ndani ya tenga njiani.

Kati ya tungule na tango, kipi kina lishe zaidi?

Tungule. Sizungushi maneno.

Ukivipima kwa maji na nguvu, ni kama ndugu wa tumbo moja. Tango ni maji asilimia 95, tungule asilimia 94 na ushei. Tango lina kilokalori 15, tungule 18. Tofauti hiyo hata mdomo hauioni. Lakini ingia ndani kidogo: vitamini C kwenye tungule ni miligramu 14 hivi, kwenye tango haifiki 3. Potasiamu ni miligramu 237 kwa 147. Foleti, ile wanayosisitiziwa wajawazito kliniki, ni mikrogramu 15 kwa 7. Vitamini A ya tungule ni mikrogramu 42, ya tango 5. Nyuzinyuzi za tungule ni gramu 1.2, za tango nusu gramu. Juu ya hayo, tungule ina likopini, ile rangi yenyewe nyekundu, na tango halina.

Tuiweke kwenye sahani. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 45 za vitamini C kwa siku kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Tungule tatu za wastani, za gramu 120 hivi kila moja, zinamfikisha. Kwa tango peke yake angelazimika kula zaidi ya kilo moja na nusu. Sijamuona mtu huyo bado.

Basi tango kazi yake nini?

Linayo. Vitamini K, inayosaidia damu kuganda mtu akijikata, iko zaidi kwenye tango: mikrogramu 16 likiwa na ganda lake, na tungule 8. Madini ya chokaa (kalsiamu) na magnesiamu pia tango linatangulia, ingawa kwa hatua moja tu, si mbio za kujivunia. Halafu kuna ile kazi isiyoandikwa kwenye jedwali lolote: kupoza. Biriani bila tango pembeni, mchana wa Februari, ni adhabu.

Nimenye tango au niliache na ganda?

Liache, kama ganda si gumu wala chungu. Hapa ndipo watu wengi wanapoitupa lishe ya tango kwenye ndoo ya taka halafu wanalilaumu kuwa ni maji matupu. Ile vitamini K niliyoitaja hushuka kutoka 16 hadi 7 ukishalimenya. Kile kidogo cha rangi na vitamini A kilichomo nacho kimekaa zaidi kwenye ganda la kijani kuliko kwenye nyama nyeupe.

Mimi nafanya hivi: nalimenya kwa mistari, ukanda naumenya, ukanda nauacha, kama kanga yenye milia. Linapendeza machoni, halimsumbui mwenye meno mabovu, na nusu ya ganda inabaki. Tango kubwa lililokomaa, lenye ganda la manjano na mbegu ngumu, hilo limenye lote, na mbegu zikwangue kwa kijiko.

Na uchungu? Bibi alikuwa akikata ncha na kusugua mpaka litoe povu.

Hata wangu. Uchungu wa tango unatokana na kemikali iitwayo kukubitasini, ambayo jamii nzima ya matango, maboga na mung'unye wanayo. Mmea huitengeneza kujilinda na wadudu, na huzidi pale mmea unapoteseka kwa jua na kukosa maji. Hukaa zaidi upande wa kikonyo na chini kidogo ya ganda. Kwa hiyo ile ncha bibi aliyoikata alikuwa na haki ya kuitupa. Kusugua kwenyewe mimi nakuona ni mazoea zaidi kuliko dawa, lakini bado nasugua, mkono umeshazoea.

Ila onja kipande kabla hujalitia lote kwenye beseni. Tango moja lililo chungu kama shubiri linaharibu kachumbari ya watu ishirini, na uchungu mkali hivyo unaweza kuliudhi tumbo. Litupe, usilione huruma.

Ni kweli tango likichanganywa na tungule linaua vitamini C?

Hili ndilo swali linalozunguka kwenye simu za watu kuliko yote, na tatizo lake ni kwamba limeshikilia ukweli kwa ncha.

Ukweli wenyewe ni huu. Tango lina kimeng'enya kinachoibadilisha vitamini C. Tango likiwa zima, kimetulia ndani ya chembechembe zake. Ukilikata, kisu kinazipasua, kimeng'enya kinatoka, na kikikutana na majimaji ya tungule kinaanza kazi. Hakiui kwa kufumba na kufumbua. Kinakwenda polepole, na hatua ya kwanza ya mabadiliko hayo hutoa kitu ambacho mwili bado unaweza kukigeuza kuwa vitamini C. Hasara ya kweli huja kachumbari ikikaa masaa kwenye joto.

Wanaotuma ujumbe hawaendelei mpaka kwenye dawa yake, na dawa iko kwenye kila jiko la Zanzibar: ndimu. Ukali wa ndimu unakipunguza nguvu kimeng'enya hicho, na wakati huohuo ndimu inaongeza vitamini C yake mwenyewe. Kata karibu na kula, kamua ndimu mara tu baada ya kukata, changanya, peleka mezani.

Tungule mbichi au ya kupika?

Inategemea unatafuta nini humo ndani. Vitamini C haipendi moto wala kukaa, kwa hiyo hapo tungule mbichi inashinda. Likopini ni kinyume chake. Ikiwa mbichi imefungwa ndani ya chembechembe ngumu za tungule, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kushikwa. Moto huzivunja chembechembe hizo, na mafuta huibeba likopini kuingia mwilini, kwa sababu haiyeyuki kwenye maji.

Sasa angalia mchuzi wa nazi unavyopikwa kwetu. Kitunguu kinakaangwa, tungule zinatiwa zimekatwakatwa au zimeparwa, zinaachwa zipondeke mpaka mafuta yajitenge pembeni mwa sufuria na rangi ibadilike kutoka wekundu mbichi kuwa wekundu mzito wa matofali. Ndipo linatiwa tui. Moto upo, mafuta yapo, tui lina mafuta yake pia. Bibi zetu hawakujua neno likopini, lakini sufuria zao zilikuwa zinaitoa vizuri.

Tango kwa kawaida halipikwi kwetu.

Tungule ya kopo ina thamani yoyote?

Ina likopini nyingi kuliko mbichi kwa uzito uleule, maana maji yamepunguzwa na imeshapikwa. Vitamini C usiitegemee. Geuza kopo usome maandishi ya nyuma: nyingine zimetiwa chumvi, nyingine sukari. Na haiwezi kuwa kachumbari, kwa hiyo kwenye mashindano haya imekaa nje ya uwanja.

Nataka kupungua. Nile tango tu?

Mwanangu, tofauti ya tango na tungule ni kilokalori tatu. Sio hapo unaponenepa.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kilokalori 120 hivi. Hizo ni sawa na gramu 800 za tango, yaani matango mawili makubwa na zaidi. Mayonesi kijiko kikubwa hukaribia 100. Nimemuona mteja akikataa wali, akaomba sahani ya matango, kisha akayafunika kwa mayonesi mpaka kijani hakionekani, na moyo wake umetulia kabisa.

Kinachosaidia ni kachumbari, yenye vyote viwili, kuchukua nafasi ya kitu chengine kwenye sahani. Ijaze nusu ya sahani kwanza, wali ndio ufuate. Maji na nyuzinyuzi hushibisha mapema. Ukiongeza kachumbari juu ya mlima uleule wa wali, umeongeza tu mzigo wa kutafuna.

Daku nikila tango, kiu haitanishika mchana?

Litasaidia, kwa kiasi chake. Nusu ya tango kubwa ni gramu 150, na ndani yake mna maji kama mililita 140. Glasi ya kawaida inachukua 250. Kwa hiyo nusu tango ni kama nusu glasi ya maji na kidogo juu. Zuri, lakini lisikufanye uache glasi yenyewe. Tungule ingekupa karibu kiasi hichohicho cha maji.

Kinacholeta kiu mchana wa Ramadhani mara nyingi ni chumvi ya daku: samaki wa ng'onda, achari, kachumbari iliyonyunyiziwa chumvi viganja viwili. Tango lenye chumvi nyingi linakupa maji kwa mkono huu na kukudai kwa mkono ule.

Mwenye sukari au presha ale kipi?

Vyote viwili. Sukari iliyomo ni kidogo mno, gramu 2.6 kwenye tungule na 1.7 kwenye tango, hata anayejipima kila asubuhi hana haja ya kuviogopa.

Kwa presha, potasiamu ya tungule ni rafiki, kwa kuwa husaidia kusawazisha athari ya chumvi mwilini. Tungule mbili ni kama sehemu moja ya sita ya potasiamu ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima kwa siku. Lakini narudi kwenye chumvi: kipimo cha shirika hilohilo ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Mwenye presha akitia ndimu na pilipili za kutosha, chumvi kwenye kachumbari haikumbuki.

Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu ni habari nyengine. Huyo tango ni jepesi kwake kuliko tungule, na kiasi atakipangiwa na daktari wake spitali, si na mimi. Vilevile anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani anazokula bila kumwambia daktari. Tango peke yake halina vitamini K ya kutisha. Mchicha ndio unazo nyingi.

Tungule nyekundu inaongeza damu?

Rangi haiongezi damu. Madini ya chuma kwenye tungule na tango yanalingana, robo ya miligramu na kidogo, ambayo ni kama hakuna.

Lakini tungule ina msaada wa mlango wa nyuma. Chuma cha maharage, choroko, kunde na mboga za majani ni kigumu kushikwa na mwili, na vitamini C hukilainishia njia. Sahani ya maharage na kachumbari ya tungule yenye ndimu ni bora kwa mjamzito kuliko maharage peke yake. Chai ya rangi iliyofuatanishwa na chakula hufanya kinyume, inakizuia chuma. Subiri saa moja hivi ndipo unywe. Najua ni vigumu, na mimi ni wa chai.

Tungule inanipa kiungulia.

Tungule ina asidi, na kwa wengine inachochea kiungulia, hasa mchuzi mzito wa usiku. Kama wewe ni mmoja wao, tango ni salama zaidi. Punguza na ndimu pia, maana watu huiacha tungule wakaendelea kukamua ndimu tatu.

Na mbegu za tungule kuwa zinafanya mawe ya figo, hapana. Mbegu hazipiti kwenye figo, zinatoka zilivyoingia.

Kwa nini kachumbari yangu inaogelea?

Hili nimejifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma nilipewa kazi ya kachumbari kwenye shughuli ya harusi ya jirani. Nikataka kuwahi. Saa mbili asubuhi nimeshakata kila kitu, matango nimeyakata vipande vyembamba vya duara, chumvi nimetia, nimefunika na sinia. Chakula kilitoka baada ya adhuhuri. Nikafunua beseni: matango yamelegea kama kitambaa kilicholowa, yanaelea kwenye maji ya waridi yanayofika nusu ya beseni. Shangazi wa bibi harusi akachungulia, akaniuliza, "Hii tunakula au tunakunywa?"

Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya mboga, na tango ndilo lenye maji mengi na nyama laini. Yale maji ya waridi si maji matupu: vitamini C na potasiamu huyeyuka humo, kwa hiyo nilipoyamwaga nilimwaga na lishe. Siku hizi nakata tango nene kidogo, tungule nazikata mwisho, chumvi natia mezani. Kitunguu peke yake ndicho ninachokiosha kwa chumvi mapema na kukikamua, kupunguza ukali.

Nizioshe vipi?

Zima, kabla ya kukata, kwa maji safi yanayotiririka, na kwa kusugua na kiganja. Ule unga mweupe unaouona kwenye tungule za tenga aghlabu ni mabaki ya dawa ya ukungu iliyopuliziwa shambani. Hauondoki kwa kuchovya kwenye ndoo mara moja. Tango lenye ganda la mikunjo lisugue zaidi, hasa kwa kuwa nimekwambia usilimenye. Nyumba yenye maji ya kisima yasiyoaminika, ya kusuuzia mwisho yawe yaliyochemshwa, kwani kachumbari haipiti motoni kuua vijidudu. Na kisu kilichokatia kuku kisiguse tungule kabla hakijaoshwa kwa sabuni.

Nizitie kwenye friji?

Tungule ambayo haijaiva, hapana. Iache juu ya meza, kivulini, kikonyo chini. Baridi ya friji inaiua harufu na haitaiva vizuri tena. Ikishaiva sana na joto letu hili, bora friji kuliko kuoza. Itoe mapema ipate kurudi kwenye joto la chumba kabla ya kuikata. Tango nalo halipendi baridi kali: likikaa siku nyingi chini ya nyuzi 10 hufanya madoa ya majimaji na utelezi. Liweke sehemu ya chini ya friji, mbali na ukuta wa barafu, ulile ndani ya siku chache. Usilikalishe na ndizi au tungule mbivu, zinalifanya lipige manjano haraka.

Hivi ni matunda au mboga?

Kwa mwalimu wa skuli wa bayolojia ni matunda yote mawili, kwani yanatokana na ua na yana mbegu ndani. Kwa muuzaji wa soko la Darajani ni mboga. Wamarekani waliwahi kulipeleka suala hili mahakamani kwa sababu ya ushuru wa forodha, mboga zilitozwa na matunda hayakutozwa, na mwaka 1893 Mahakama yao ya Juu ikaamua kwamba tungule ni mboga kwa matumizi ya kila siku. Tango nalo likatajwa humohumo kwenye hukumu kama mfano. Lishe haikubadilika kwa hukumu ile.

Tungule zikiadimika na bei kupanda, nitie nini badala yake?

Tunategemea sana zinazovuka kwa boti kutoka Bara, kwa hiyo wiki za namna hiyo zipo. Usiziachie nafasi zote kwa tango, maana utabaki na maji na ubaridi. Kata kabichi nyembamba kama uzi: vitamini C yake ni miligramu 37 hivi, zaidi ya mara mbili ya tungule, ingawa haisifiwi na mtu. Paruza karoti moja, hiyo kwa vitamini A inaizidi tungule karibu mara ishirini. Pilipili boga ya kijani, yaani hoho, ina vitamini C miligramu 80, na nusu yake inatosha beseni dogo. Msimu wa embe, tia embe bichi, ukali wake unachukua nafasi ya tungule vizuri sana. Tango lako moja na ganda lake, ndimu, pilipili mbuzi moja bila mbegu kama kuna watoto. Wateja wangu wiki ya kwanza walinuna. Wiki ya pili wakaanza kuuliza mbona leo kabichi chache.